Shukrani kwa mama wa kwenye foleni ya kliniki

Sikukuuliza jina, na hadi leo linaniuma. Ulinikuta kwenye foleni, kijana wangu wa miaka 4 kaishika kalamu kwa ngumi, nami namkaripia. Ukaniambia kwa upole, "Mwanangu, kalamu iache kwanza. Mpe vibanio vya nguo."

Jioni ile nilimpa vibanio na taulo. Cha kwanza kilimshinda: alikibana kwa mikono miwili, ulimi nje, kikamponyoka. Akajaribu tena. Siku zikapita, kidole gumba na cha shahada vikawa vinakifungua bila msaada. Ulisema vidole hivyo hivyo ndivyo vitakavyobeba kalamu, lazima vipate nguvu kwanza. Laiti ningeyajua hayo kabla ya zile karipio zote!

Tukafanya na mengine uliyonitajia: kuchana magazeti ya zamani, kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe, kuhamisha maji kwa sifongo kutoka beseni hili hadi lile, akiikamua mpaka tone la mwisho. Sakafu ililowa, sikujali. Na onyo lako nalishika: mdogo wake hajatimiza miaka 3, kwa hiyo vifungo na vitu vyote vidogo vya kumkaba koo vinakaa mbali naye.

Jana kachora mtu, mwenye macho na miguu mirefu, kalamu imetulia kwenye vidole vitatu. Nilitamani uwepo uone. Popote ulipo mama, ahsante sana. Mungu akuzidishie.