Yah: Kumfungia mpangaji ndani kwa misumari, na kazi mbovu ya kuziba dirisha na mlango, Sinza

Kwa Meneja wa Huduma za Dharura,

Salaam.

Naandika kwa heshima, na kwa heshima hiyo hiyo naomba barua hii isomwe na mtu mwenye mamlaka ya kuamua, isiishie kugongwa muhuri mapokezi. Namba ya kazi mnayo. Mkataba mnao. Taratibu zenu mmeziandika wenyewe, kwa hiyo sitawasomea. Bati lililong'olewa na upepo usiku wa Jumamosi lilivunja dirisha la sebule na mlango wa kioo wa mpangaji wetu, Bibi anayekaa upande wa barabarani. Tuliwaita kuziba, mkaja. Mlichokifanya baada ya kufika ndicho kilichonikalisha kuandika.

Fundi wenu alichukua plaiwudi nzima, akaifunika juu ya mlango, akaipigilia misumari ya inchi 4 pande zote nne, ilhali Bibi na wajukuu zake wawili wamo ndani. Sehemu ile ni vyumba viwili na sebule, na mlango wake ni huo mmoja. Madirisha yana nondo, kama ilivyo karibu kila nyumba ya jiji hili. Bibi alipogonga ule ubao kwa ndani akauliza, "Baba, sasa sisi tutatokea wapi?" alijibiwa, "Mtafunguliwa asubuhi mkishamalizia hela." Nilikuwa kwenye simu muda wote huo. Swali nimelisikia kwa masikio yangu, na jibu nimelisikia.

Mlango wa nyumba yenye watu hauzibwi. Unabadilishwa kwa mlango wa muda. Hili ni jambo la kwanza ambalo fundi wa kazi hii anapaswa kulijua kabla hajakabidhiwa nyundo. Uwazi wa mlango ule ni sentimita 90 kwa 210. Shiti moja la marini bodi (plaiwudi inayostahimili maji) ya milimita 18 linatosha na kubaki. Unalikata liwe pungufu ya uwazi kwa milimita 5 kila upande, kwa sababu mbao ikinywa maji ya mvua itavimba na kubana. Nyuma yake unaweka mbao tatu za inchi mbili kwa tatu, juu, katikati na chini, zilizofungwa kwa skrubu na si misumari. Fremu ya aluminiamu ikiwa imepinda, kama ile, huitegemei tena. Unasimamisha mbao ya inchi mbili kwa nne ukutani, unaifunga kwa boliti nne za kupanuka, kisha unaning'iniza mlango wako kwa bawaba tatu za inchi 4. Ndani unaweka komeo la kuteleza ambalo hata mtoto analifungua gizani bila ufunguo. Nje unaweka sehemu ya kufuli kwa ajili ya mchana wenyewe wakitoka. Mafundi wawili wenye drili na msumeno hawamalizi saa mbili kwa kazi hiyo, na fomu yenu ya makadirio inaitaja kabisa kama "mlango wa muda". Mmetutoza mlango wa muda. Mmetupa ubao uliopigiliwa.

Dirisha nalo. Upana wake ni sentimita 180, kimo 150. Plaiwudi zinazouzwa hapa ni futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Ukililaza shiti moja unafunika upana wote, lakini kimo kinapungua sentimita 28. Hiyo ni hesabu ya kufanyika kwenye simu, kabla gari halijatoka stoo, maana vipimo tuliwapa tulipopiga. Gari lilikuja na mashiti mawili: moja la dirisha, moja la mlango. Zile sentimita 28 za juu mafundi wakazibandika kipande cha turubai kwa misumari midogo. Mvua ya masika haitoki chini kwenda juu! Maji yameingia kwa pale juu, yakateremka nyuma ya ubao hadi kwenye soketi iliyo chini ya dirisha. Hakuna aliyeuliza mein swichi iko wapi. Kuzima umeme pale maji yanapoingia karibu na soketi ni hatua ya kwanza, inatangulia hata kipimo.

Dirisha la ukubwa ule linahitaji mashiti mawili yaliyosimamishwa, yakatwe yafikie jumla ya sentimita 200 kwa 170, ili kila upande ubao uukalie ukuta kwa sentimita 10. Maungio yanawekewa mbao ya mbili kwa nne kwa nyuma, vinginevyo upepo unayatikisa hadi yaachane. Kwa ndani unalaza mbao mbili za mbili kwa nne zinazovuka uwazi wote na kushika ukuta pande zote mbili. Unatoboa, unapitisha boliti za milimita 10 kutoka nje kwenda ndani, katikati ya nondo, mbili kwa kila mbao. Kichwa cha mviringo kinabaki nje ili mwizi asipate pa kushika spana. Washa pana na nati zinabaki ndani. Ubao na mbao za ndani vinabanana kama koleo, na ukuta hautobolewi hata tundu moja. Boliti nne, basi. Gharama yake haifiki hata robo ya ile hela ya ziada mliyoidai usiku ule.

Badala yake mmepiga misumari ya zege kwenye plasta, na mingine mmeipitisha kwenye fremu ya aluminiamu. Fremu ilikuwa nzima upande wa dirisha. Kioo tu ndicho kilichovunjika. Sasa ina matundu kumi na moja na reli ya chini imebonyea, kioo kipya hakitateleza pale. Na ukutani? Tofali zetu nyingi ni za mchanga mwingi na saruji kidogo. Msumari wa zege unasaga shimo badala ya kushika, na upepo ukianza kuuvuta ubao nje na kuurudisha, shimo linapanuka mpaka msumari unatoka kwa vidole. Kama fundi hakuwa na boliti, angalau angetoboa kwa drili na kuweka fisha (plagi ya plastiki ya ukutani) ya milimita 8 na skrubu ya milimita 75, kila baada ya sentimita 30. Ubao unakula 18, plasta inakula kama 15, zinabaki 42 ndani ya tofali. Hizo zinashika. Lakini drili haikuwa na biti ya ukuta. Gari la dharura, usiku, bila biti ya ukuta.

Plaiwudi yenyewe ilikuwa ya milimita 9, ya kutengenezea makabati. Kwenye fomu mmeandika 18. Nimeipima kwa rula kwenye pembe nne. Jumapili mchana tabaka lake la juu lilishaanza kufumuka kwa unyevu.

Vioo sijavisema. Dirisha lile lilikuwa na kioo cha kawaida cha milimita 5, kile kinachovunjika kwa ncha ndefu kama visu, si kile kilichoimarishwa kwa moto kinachomwagika punje punje. Vipande vilivyobaki kwenye raba ya fremu vinatolewa kwanza, kuanzia juu kuja chini, kwa glavu nene, ili cha juu kisikudondokee mkononi ukiwa unahangaika na cha chini. Mafundi wenu waliviacha, wakaegemeza ubao juu yake na kuanza kugonga. Kila pigo la nyundo lilikuwa linaangusha kioo sebuleni, mahali watoto walipokuwa wamesimama peku wakisubiri kuambiwa wapite wapi.

Na wangepita wapi? Hapo ndipo nalazimika kurudi, kwa sababu ofisa wenu aliyenipigia Jumapili aliliita jambo hili "changamoto ya mawasiliano." Halikuwa changamoto ya mawasiliano. Fundi alimwona Bibi. Alimwambia, "Mama, sogea ndani kidogo." Bibi akasogea, kwa adabu, akidhani anapisha kazi. Ubao ukawekwa. Msumari wa kwanza ukapigwa juu kushoto, na mjukuu mdogo akaanza kulia kwa sababu taa ya nje ndiyo iliyokuwa inawapa mwanga. Bibi akagonga kwa kiganja. "Baba, sasa sisi tutatokea wapi?" Nyundo haikusimama. Iliendelea kwa misumari mitatu au minne zaidi, nilikuwa naihesabu, ndipo lile jibu likaja: mtafunguliwa asubuhi mkishamalizia hela. Mtu mzima wa umri wa kumzaa anauliza njia ya kutoka nyumbani kwake, anajibiwa habari ya hela kupitia ubao.

Ilikuwa saa nane na robo usiku. Ndani kuna mtungi wa gesi wa kilo 6, soketi inayomwagikiwa maji, na mshumaa, maana Bibi mwenyewe aliogopa kuwasha taa. Kama kungeshika moto, Zimamoto wangeitwa kwa 114 na wangekuta nondo madirishani na plaiwudi iliyopigiliwa mlangoni. Nilipiga namba yenu ya saa 24 mara tano. Mara ya nne dada aliyepokea aliniambia, kwa sauti ya upole, "Mteja wetu, kwenye mfumo kazi imeshakamilika." Majirani ndio waliong'oa ule ubao kwa mtaimbo, saa kumi na moja kasoro robo alfajiri. Wamefungiwa kwa muda wa saa mbili na nusu. Bibi yule ana presha.

Kuchelewa kwenu sikutaka hata kukuweka humu, lakini na kwenyewe kupo. Tulipiga saa mbili usiku, mkaahidi ndani ya saa mbili, mkafika saa saba na nusu. Mmesingizia mafuriko ya Jangwani. Stoo yenu iko Mwenge. Gari linalotoka Mwenge kwenda Sinza halipiti Jangwani. Ni mimi niliyezuiliwa na maji ya Jangwani, ndiyo maana nilikuwa kwenye simu na si pale mlangoni.

Hela. Makubaliano yalikuwa shilingi 280,000, zimelipwa kabla gari halijatoka. Pale mlangoni wakadai 120,000 za "kazi ya usiku", kwenye huduma mnayoitangaza kuwa ya saa 24, na zitumwe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Nilituma. Mtu akishafungiwa ndani, utafanyaje? Baada ya kutuma, mafundi waliondoka bila kufungua. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hatujapewa hadi leo, si ya kwanza wala ya pili. Tumepewa kikaratasi cha mkono.

Ninachodai, ndani ya siku 14: mrudishe shilingi 400,000 zote, mlete fundi mwenye vifaa azibe dirisha na kuweka mlango wa muda kwa namna niliyoieleza hapo juu, bila malipo, na mlipie fremu ya aluminiamu mliyoitoboa, kwa bei ya fundi tutakayemchagua sisi.

Pia mtu wa ngazi ya uongozi aje Sinza, avue viatu, aketi na Bibi, amwombe radhi ana kwa ana. Msinitumie barua ya radhi mimi. Mimi sikufungiwa.

Fundi aliyejibu vile asitumwe tena kwenye nyumba ya mtu yeyote, na mnithibitishie hilo kwa maandishi. Na aliyefunga kazi kwenye mfumo huku watu wakiwa ndani aeleze alitumia ushahidi gani, kwa sababu utaratibu wenu unadai picha ya kabla na ya baada. Naitaka hiyo picha ya baada. Itaonyesha mlango usio na komeo, usio na bawaba, na usio na njia.

Nimeandika siku 14. Nimeisoma tena sehemu ya saa nane na robo na nimebadilisha: ni siku 7, kuanzia siku barua hii itakapopokelewa. Siku ya 8 nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, kwa sababu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kuuza milimita 9 kwa jina la milimita 18 ni kupotosha. Suala la risiti litakwenda TRA, Mamlaka ya Mapato, siku hiyo hiyo. Na suala la kumfungia mtu ndani ili alipe halitasubiri siku 7: leo mchana nakwenda kituo cha polisi na Bibi kuandikisha, na namba ya RB, ile ya taarifa iliyoandikishwa polisi, nitawatumia ili muiweke kwenye faili moja na namba yenu ya kazi. Ubao nimeuhifadhi na misumari yake yote. Rekodi ya simu ninayo.

Nitajibu simu ya mtu mwenye uamuzi tu.

Msimamizi wa nyumba,
kwa niaba ya wapangaji,
Sinza, Dar es Salaam

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa