Korbo haendi Likasi

Katuba, Lubumbashi
tarehe 2 mwezi wa 11

Mama Mapasa, ndugu yangu,

Jambo sana kwako, kwa Baba Mapasa na kwa watoto wetu wawili. Huku tuko wazima, Mungu anasaidia. Mvua imeanza.

Nianze na lile la haraka: mwambie kaka yako wa Likasi asije tena Jumamosi kumchukua Korbo. Najua ni mimi niliyekusumbua. Mwezi wa nane na wa tisa nilikuandikia kila juma kwamba mbwa uliyeniachia ananimaliza, na wewe ukahangaika kwa simu kutoka Ubelgiji kumtafutia nyumba nyingine. Asante kwa moyo huo. Lakini haendi popote, na ni haki yako kujua kwa nini.

Unakumbuka mwezi wa nne ulinitumia foto za Liège, miti imejaa maua, mapacha wamevua makoti yao mazito? Uliandika kwamba kwetu majira kama hayo hayapo, na mimi nikakubali. Sasa nakataa. Yapo. Yanakuja wakati ninyi mnarudi kuvaa makoti. Ni zile wiki kati ya mwisho wa baridi na mvua ya kwanza. Tulikulia ndani yake bila kuzipa jina. Vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye kope, jua linachoma, hakuna tone lililoanguka tangu mwezi wa tano, na bado miti inatoa majani. Haingoji mvua. Mjini mijakaranda inapukutisha maua ya zambarau mpaka unaona vibaya kuyakanyaga. Porini majani ya kwanza yanatoka mekundu, yanang'aa kama shaba iliyotoka kusuguliwa, halafu kidogo kidogo yanageuka kijani. Nina miaka arobaini na mbili na nimeyatazama vizuri mwaka huu tu, kwa sababu ya mbwa.

Ngoja nirudi nyuma. Ulipoondoka mwezi wa 12 ulinipa mtoto wa mbwa wa miezi miwili, mweusi mwenye kifua cheupe, na Baba Mapasa akampa jina la Korbo kwa ajili ya Mazembe yake, timu ya mpira ya hapa Lubumbashi inayoitwa Corbeaux, yaani kunguru kwa Kifaransa. Alikuwa analala ndani ya beseni la vitambaa. Baridi ilipokwisha alikuwa amekua mbwa mzima kwa mwili, lakini kichwa bado cha mtoto. Nguvu zile, Mama Mapasa, sikuwa nimeziona. Alizunguka parseli, uwanja wa nyumba yetu, mpaka akachora njia kando ya ukuta. Akachimba chini ya mpapai. Akawarukia wateja kifuani, na wateja wangu wanakuja wamevaa vizuri. Nikamfunga mnyororo kwenye mwembe mchana kutwa. Akilia, nampigia kelele. Akinyamaza, nasema afadhali. Usiku nikimfungua alikuwa mbaya kuliko jana yake.

Kisha ikaja siku ya vikwembe, vile vitenge vya arusi. Nilikuwa na kazi ya arusi, mashangazi sita, kitambaa kimoja cha rangi ya machungwa na buluu, kila mmoja na mshono wake. Tano zilikuwa tayari zimetundikwa. Ya sita ilikuwa juu ya meza, mikono haijaunganishwa bado. Nikaenda barabarani kununua makala, ule mkaa wa kupikia, sikukaa hata dakika kumi. Niliporudi mkono mmoja ulikuwa mlangoni, na mgongo wa nguo uko chini ya mwembe, umepasuliwa kuanzia shingo mpaka kiunoni. Korbo mwenyewe amesimama katikati ya uwanja na kipande mdomoni, mkia unapiga, ananiangalia kama mtu anayekuuliza: tunaanza sasa?

Nilikaa kwenye kizingiti nikalia. Nilitembea soko zima la Kenya, mtaa wa jirani hapa Lubumbashi, nikitafuta rangi ile, nikaipata duka la mwisho, na mwenye duka hakutaka kuikata. Ikabidi ninunue yadi zote sita kwa sababu ya mgongo na mkono mmoja. Nilishona usiku kucha kwa taa ya betri, maana umeme ulikatika saa mbili. Arusi ilipita salama. Asubuhi yake ndipo nilipokuandikia ile barua kali.

Sasa sikiliza. Pembeni kwetu kuna mzee anayelinda duka la dawa usiku. Ujanani alifanya kazi na mbwa wa ulinzi miaka mingi, na kila asubuhi akimaliza zamu anapita hapa kuomba maji ya kunawa. Nilimwambia ninamtoa yule mbwa. Akamtazama Korbo pale kwenye mnyororo, akaniuliza, "Mama, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu umemlisha miezi tisa. Jembe lake liko wapi?"

Nikasema mbwa hana jembe. Akasema ndiyo maana amejitafutia.

Lile neno lilinikaa moyoni. Mimi mwenyewe nikikaa siku tatu bila kushona mikono inaniwasha, naanza kugombana na watu ndani ya nyumba. Na huyu nimemfunga penye mita mbili za mnyororo, ana miguu ile na pua ile, halafu namwita mkorofi.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri tukatoka. Nilishona kamba kwa mkanda wa begi la zamani, nene, haimuumizi shingo. Siku za kwanza alinivuta mpaka bega likaniuma. Mzee alinifundisha jambo moja tu: akivuta, simama. Usiseme kitu, simama kama mti. Kamba ikilegea, endelea. Juma la kwanza tulitumia nusu saa kufika mwisho wa avenyu yetu, na akina mama wa mikate wakawa wananiuliza kama nimepotelewa na kitu. Juma la tatu akaanza kutembea karibu na goti langu. Siku hizi tunafanya dakika arobaini, na tunarudi kabla jua halijapanda, kwa sababu mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Ana jasho kidogo chini ya nyayo tu, joto lingine lote analitoa kwa kuhema. Mwezi wa 10 ile lami saa sita mchana inachoma nyayo. Naweka mgongo wa mkono wangu barabarani. Nikishindwa kuuacha hapo nikihesabu mpaka saba, na yeye hapiti.

Tukirudi, namfanyia kazi ya pili, na hii niliibuni mwenyewe. Una habari ya vipande vinavyobaki chini ya mashini yangu. Navikunja, ndani ya vichache naficha kapenta, wale samaki wadogo wakavu, mmoja mmoja, navitupa vyote ndani ya beseni lake la zamani. Anavinusa kimoja kimoja. Utaona pua inavyofanya kazi, matundu yanafunguka na kufunga, anaweka pembeni kile kisicho na kitu, taratibu kabisa, huyu huyu aliyepasua nguo ya arusi. Robo saa ya kunusa inamchosha kuliko kukimbia. Akimaliza analala chini ya meza ya mashini, kichwa kwenye kanyagio, na mimi nashona kwa uangalifu nisimguse. Mnyororo nimeurudisha kwa mwenyewe.

Jumapili tukitoka kanisani tunakwenda shambani kwa mjomba, njia ya Kipushi. Huko ndiko nilikoyaona yale majani mekundu. Miti si mingi tena, makala imekula pori, na mimi ninayenunua gunia kila mwezi nina sehemu yangu katika hilo. Lakini iliyobaki ilikuwa imewaka yote, kilima kizima. Korbo nilimfungua, akapanda kichuguu kirefu kuliko nyumba ya mjomba, akasimama juu kule masikio yamesimama, upepo unamjia usoni. Sijapata kumwona ametulia namna ile akiwa macho. Watoto wa mjomba walikuwa wanakula masuku, yale matunda ya porini, mbegu wanatema chini, na yeye akashuka kuzifuata. Nilizitoa mdomoni mwake kwa kidole. Mifupa ya kuku iliyopikwa pia simpi tena. Inavunjika vipande vikali na inaweza kumtoboa tumbo. Anakula bukari yake, yaani ugali, na kapenta au kichwa cha samaki, na kitunguu nakiweka mbali, maana kinaharibu damu ya mbwa.

Jumanne iliyopita mvua ikaja. Unajua radi ya kwetu, inapiga kama mtu anayemwaga mabati. Korbo aliingia chini ya meza akajibana ukutani. Nilikaa naye sakafuni, nikaweka mkono kifuani pake pale peupe, moyo ulikuwa unakimbia mpaka nikashindwa kuhesabu. Sikumbembeleza kwa maneno mengi. Nilikaa tu, nikachukua kazi ya kushona vifungo, mkono mmoja kwake kila nilipoweza. Mvua ilipokuwa ya kawaida, bila radi, akalaza kidevu kwenye mguu wangu.

Jioni ya kesho yake inswa, wale kumbikumbi, wakatoka. Taa ya mlangoni ilikuwa haionekani kwa mabawa. Binti yangu aliweka beseni la maji chini ya taa kama tulivyofanya utotoni kwa mama yako, na Korbo akasimama upande wa pili kufanya mavuno yake. Anamfuata mmoja kwa macho, anangoja ashuke, halafu meno yanagongana: ta! Anakosa. Tena: ta! Bawa limebaki limegandia puani, anaangalia ncha ya pua mpaka macho yanakutana. Tulicheka mpaka majirani wakaja na mabeseni yao. Yule mama wa parseli ya pili, ambaye hakuwahi kuvuka lango letu kwa kumwogopa, aliketi kwenye kigoda mita moja kutoka kwake. Tulikaanga sahani tatu.

Huyo mama nisimlaumu kwa woga wake. Mwezi wa tisa mtoto wake aliumwa mguuni na mbwa wa barabarani asiye na mwenyewe. Mzee wa duka ndiye aliyetuokoa: alimshika mtoto, akaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kamili, tunamwagia bidoni juu ya bidoni, ndipo tukapanda pikipiki kutafuta sindano. Mahali pa kwanza hawakuwa nayo. Pa pili walikuwa nayo. Nilikuwa nimembeba mtoto yule mapajani na nilikuwa naogopa, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaanza kujionyesha kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Mtoto amemaliza sindano zake zote, anacheza. Korbo alichomwa yake mwezi wa kwanza, alipotimiza miezi mitatu, kadi ninayo kwenye sanduku la nyuzi, na mwezi wa kwanza unaokuja atachomwa tena. Hapa avenyu yetu nimewaandikisha mbwa kumi na mmoja, tutamwita dokta wa wanyama siku moja tugawane gharama. Sitaki kusikia tena mama analia namna ile.

Sasa hivi kazi yangu ni kumpapasa kila jioni: nyuma ya masikio, kati ya vidole, chini ya mkia. Mvua imeleta kupe. Na yule nzi wa maembe anakuja pia. Unakumbuka mama zetu walivyotupiga tukivaa nguo iliyoanikwa nje bila pasi? Funza wanaotoka kwenye mayai yake hawachagui, wanaingia kwenye ngozi ya mbwa vilevile. Basi kitambaa anacholalia nakianika, halafu nakipiga pasi pande zote mbili pamoja na nguo za wateja. Jumatano nilimkuta na uvimbe mmoja tumboni, katikati tundu dogo kama la sindano. Nikaupaka vazelini nene, funza akakosa hewa akasogea juu, nikambana kwa vidole viwili akatoka mzima. Korbo alilala chali muda wote, mguu mmoja umeshikilia mkono wangu. Hakuvuta.

Hiyo ndiyo habari yote. Mwambie kaka yako nitamshonea shati kwa usumbufu wake, anitumie kipimo cha mabega.

Mkija mwezi wa 12 na mapacha, mnipigie mkiwa Kenya, nitoke naye niwapokee nje ya lango. Wageni anawakubali vizuri zaidi akikutana nao barabarani. Watoto wasikimbie na wasipige kelele. Wasimame, mikono chini, wamwache anuse. Mgongo na mkono vilitoka kwenye zile yadi sita, na kitambaa kilichobaki ni kingi. Nimekisuka kama tunavyosuka nywele, kamba mbili, fundo kila mwisho, moja ya kila mtoto, kwa sababu mchezo wake mkubwa siku hizi ni kuvutana. Nimeziweka juu ya kabati asizione mpaka mfike.

Ni mimi ndugu yako,
Fundi wa Katuba