Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Ushindani: mirejesho ya uongo inatuumiza

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Ninauza juisi Tandika. Katikati ya Ramadhani iliyopita, wakati watu wanapanga foleni ya juisi ya kufuturu, blenda yangu ilikufa. Sikuwa na muda wa kwenda Kariakoo, nikaagiza kwa simu kwenye duka la mtandaoni lililojaa mirejesho ya wateja. "Mzigo umefika dada, Mungu akubariki." "Inasaga mpaka barafu." Nikatuma shilingi 85,000, na bodaboda akaleta boksi jioni ile ile.

Siku ya pili, embe na vipande vichache vya barafu vilitosha kuitoa moshi. Fundi alipoigeuza akabandua stika ya wati 1500. Chini yake, kwenye plastiki yenyewe, paliandikwa 350.

Nikaandika malalamiko yangu pale pale kwenye picha ya blenda, bila tusi. Hayakumaliza dakika tano, yakafutwa, na mimi nikablokiwa. Usiku nikazirudia picha za mirejesho nilizokuwa nimezihifadhi. Zilikuwa tano, za wateja wa Mbezi, Arusha, Mwanza, Tabora na Kigamboni. Zote tano zilionyesha saa 4:12, na chaji ya simu asilimia 43. Simu moja, mtu mmoja, amekaa akijiandikia shukrani.

Ukinunua pasi au feni Kariakoo, muuzaji anaichomeka mbele yako, unaiona ikifanya kazi, ndipo unalipa. Kwenye simu hatuna soketi hiyo. Mrejesho ndio umekuwa soketi yetu, lakini kwenye kurasa hizi ameishika muuzaji: anachagua upi uonekane, anafuta unaomkera, na akipenda anautunga. Hata nyota tano na wafuasi siku hizi vinanunuliwa. Ninamjua kijana anayeuza vyombo kwa uaminifu kabisa. Aliniambia kwamba kila wiki anatumiwa ujumbe wa kuuziwa komenti. Amekataa mpaka leo, na wateja wanampita wakienda kwa mwenye komenti nyingi. Huyo naye ameumizwa, na kwangu hilo linauma kuliko blenda.

Si shida yetu peke yetu. Mwaka 2017 jijini London, mwandishi mmoja alitumia mirejesho ya kutunga kukipandisha kibanda cha bustani yake mpaka kikawa mgahawa nambari moja wa jiji kwenye TripAdvisor, mtandao ambako wateja hupima migahawa na hoteli, ilhali hapakuwa na mgahawa wowote. Wenzetu wameamua kulishika jambo hili. Marekani, kanuni inayopiga marufuku kuuza na kununua mirejesho ya uongo ilianza kufanya kazi tarehe 21 Oktoba 2024. Uingereza marufuku yao ilianza tarehe 6 Aprili 2025, na kampuni inayokiuka inaweza kutozwa faini ya hadi asilimia 10 ya mapato yake ya dunia nzima.

Sisi hatuanzii sifuri. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo Tume yako inaisimamia, inakataza mwenendo wa kupotosha na kulaghai katika biashara. Ninachokuomba ni Tume itamke waziwazi, kwa Kiswahili cha sokoni, kwamba kutunga mrejesho, kuununua, na kufuta malalamiko ya kweli ili kubakiza sifa tu, ni kupotosha mteja. Muuzaji wa mtandaoni alisome hilo na ajue linamhusu. Pia tupewe njia ya kulalamika kwa simu, kwa sababu mtu aliyepoteza 85,000 hawezi kufunga biashara siku nzima kufuatilia ofisi. Na mkiwashika, anzeni na wanaouza hizo komenti. Wanajitangaza hadharani, hawajifichi.

Mimi kwa sasa nikitaka kununua kitu namwomba muuzaji anipigie video akiwa amekiwasha. Wengine wanakubali. Wengine wananijibu kwamba mirejesho ipo, niisome.

Blenda bado ninayo, na stika yake nimeihifadhi kwenye bahasha. Picha zote tano zipo kwenye simu. Nikiitwa na Tume nitavileta vyote, hata kesho asubuhi kabla sijafungua genge.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Muuza juisi, Tandika, Dar es Salaam