Barua kwa wanafunzi wanaokwenda kongamano la Kiswahili Bayreuth

Wanangu mnaosoma Ulaya,

Nawasalimu. Kila mwaka, aghalabu Mei au Juni, wasomi na wanafunzi wa Kiswahili hukutana Chuo Kikuu cha Bayreuth, kusini mwa Ujerumani. Kwa kijana aliyepitisha baridi nzima akiomba mkate dukani kwa Kijerumani cha kuokoteza, kuingia kwenye ukumbi ambako mada, maswali na vicheko ni vya Kiswahili ni faraja isiyo kifani. Faraja hiyo hiyo ndiyo inayowaponza wengi wenu, kwa hiyo nimeona niwaandikie mapema.

Kijana wa Tanga au Mombasa hujiambia: lugha ni yangu, nitaulizwa nini nisichokijua? Mada anaiandika usiku wa kuamkia safari. Kesho yake anayemtangulia ni mwanafunzi wa Kipolandi au Kiitaliano mwenye rekodi za mwaka mzima, kila mfano una mahali ulipopatikana na aliyeusema. Zamu yake ikifika, yeye husema "sisi kwetu tunasema hivi." Mtu anamuuliza: kwenu wapi, wazee au vijana, nyumbani au sokoni? Hana jibu. Kuisema lugha na kuieleza ni kazi mbili, na ya pili hakuna aliyezaliwa nayo.

Basi anzeni na ikisiri, yaani muhtasari wa mada mnaoutuma kabla ya kongamano. Maneno 250 hadi 300 yanatosha: swali lako ni lipi, data umeitoa wapi, umeona nini. Ikisiri inayojaa "mada hii itajadili" na haisemi imeona nini humfanya msomaji adhani kazi bado haijafanyika, na mara nyingi huwa hajakosea.

Kwenye makongamano ya namna hii muda wa kawaida ni dakika 20 za kusoma na 10 za maswali. Hapa ndipo hesabu inapowatupa. Neno letu moja, "hatukuwaandikia", ni sentensi nzima kwa Mwingereza. Andishi la maneno 2,500, ambalo kwa Kiingereza ungelimaliza kwa kukaza mwendo, kwa Kiswahili litakula dakika 25 na zaidi. Andika maneno 1,800, yasizidi 1,900. Lisome kwa sauti mara tatu ukiwa umesimama, saa iko mezani. Ukiona unapitiliza, kata utangulizi. Usikate mifano, maana huo ndio mzigo uliokuleta.

Mifano ichapeni kwenye karatasi ya kugawa, kurasa mbili. Kama ni sarufi, kila mfano uwe na mistari mitatu: sentensi, viambishi vilivyotenganishwa kwa vistari, kisha tafsiri, kwa kuwa ukumbini wamo wanaojifunza. Kama ni ushairi, beti mbili kamili zinashinda mistari kumi iliyonyofolewa huku na kule. Hesabu mizani mwenyewe kabla hujatamka kuwa ni utenzi wa mizani 8 au shairi la 16. Atakuwepo mzee wa kuhesabu kwa vidole. Na chagua istilahi moja uishike: ukianza na "nomino", usigeuke "jina" ukurasa wa pili. Slaidi hifadhi kama PDF, kwenye flashi na kwenye barua pepe, maana kompyuta ya ukumbini huenda haina fonti yako, na beti ulizozipanga zitavurugika mbele ya watu.

Sasa safari. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi nyingine ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye utaratibu mmoja wa viza, anaruhusiwa kuingia Ujerumani hadi siku 90 ndani ya siku 180, mradi awe na kibali chenyewe na pasipoti hai. Picha ya pasipoti kwenye simu haitoshi: tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu. Kama kibali kimeisha na mna karatasi ya muda tu, ulizeni ofisi ya wageni kabla ya kuvuka mpaka. Ninyi wa Uingereza, kibali chenu hakiwaingizi huku. Mnahitaji viza ya Schengen, euro 90, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Msisubiri siku hizo 15, kwani uamuzi unaweza kuchukua hadi 45. Ombeni barua ya mwaliko siku ile ile mada inapokubaliwa.

Treni za mwendo kasi za ICE haziendi Bayreuth. Mnashukia Nürnberg na kupanda treni ya mkoa, safari ya kama saa moja. Someni kibao cha behewa lenyewe, kwa sababu baadhi ya treni hizo hukatwa njiani, nusu ikaenda kwingine. Mkiwa kundi, Bayern-Ticket moja, tiketi ya siku ya treni za mkoa katika jimbo la Bavaria, hubeba hadi watu watano. Siku za kazi tiketi hiyo hutumika kuanzia saa tatu asubuhi, na majina ya wasafiri lazima yaandikwe. Deutschlandticket, tiketi ya usafiri wa mikoa kwa Ujerumani nzima, haipandi ICE, na ni mkataba wa kila mwezi: asiyeighairi kufikia tarehe 10 atakatwa mwezi unaofuata. Stakabadhi zote tunzeni. Idara nyingi hurudisha nauli baada ya safari, si kabla, kwa hiyo ombeni mapema na muwe na fedha ya kutangulizia. Miezi hiyo ina sikukuu kadhaa na maduka hufungwa kama Jumapili. Nunueni chakula siku moja kabla, hasa mnaotafuta halali.

Ukumbini, usimsahihishe mgeni matamshi mbele ya watu. Amesafiri mbali kuipata lugha yako. Mfuate pembeni, naye atakushukuru. Wala msicheke Kiswahili cha Lubumbashi au cha Bujumbura. Hicho ni Kiswahili chenye sarufi yake, na aliyekuja nacho huenda ndiye mwenye data mpya kuliko wote. Mpeni mwalimu shikamoo yake, kisha mpingeni kwa hoja. Heshima haikatazi swali, ila swali liwe moja na liishe ndani ya dakika moja.

Mapumziko ya chai msiyamalize mkiwa Wakenya kona hii na Watanzania ile. Kila mmoja atafute watu watatu asiowajua, aulize wanafanyia kazi nini, na aandike jina na walichoahidiana papo hapo. Barua pepe itoke ndani ya siku tatu, ikiwa na kile ulichoahidi, hata kama ni kurasa mbili za rekodi.

Mzee wenu