Chuo kinachodai Word kimsaidie mwanafunzi kuipata

Mhariri,

Nina steshenari ndogo hapa Makole, Dodoma, huu ni mwaka wa saba. Kompyuta mbili, printa, mashine ya fotokopi na benchi la kukalia wanaosubiri. Naomba nafasi nieleze ninayoyaona kwenye benchi hilo kila muhula unapokaribia kwisha.

Mwezi Juni alikuja binti wa stashahada, kwao ni Kondoa. Laptopu yake ya mtumba alinunuliwa na mama yake. Ripoti ya mafunzo kwa vitendo ilitakiwa saa kumi jioni, na wakati huo ilikuwa saa saba na nusu. Akifungua Word, programu ya kuandikia ya Microsoft Office, ripoti inaonekana yote, kurasa 34, lakini akibonyeza herufi hakuna kinachoandikika. Juu ya skrini kuna mstari unaosema muda wa majaribio umekwisha, alipie. Alikuwa amebakiza sura ya mwisho. Aliendelea kubonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua kabisa kwamba wenyewe wamo ndani.

Fomu ya kujiunga ya chuo chake nimeisoma kwa macho yangu. Godoro limetajwa ukubwa, shuka zimetajwa rangi, ada imeandikwa pamoja na namba ya kulipia. Kisha: laptopu yenye Microsoft Office. Bei ya hiyo Office haikuandikwa, wala mahali pa kuipata. Mzazi anayeisoma fomu hiyo kijijini anadhani ni kitu kinachokuja na kompyuta, kama chaja.

Nani atamwambia kwamba mara nyingi inalipiwa kila mwaka? Kwa bei ya Marekani, mtu mmoja hulipa dola 99.99 kwa mwaka tangu Januari 2025. Kabla ya hapo ilikuwa 69.99. Hata ukihesabu dola kwa shilingi 2,500, hizo ni kama shilingi 250,000. Mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye mkopo hupata hadi shilingi 10,000 za kujikimu kwa kila siku, kwa hiyo ni chakula na malazi ya siku 25. Binti huyu hana mkopo.

Matokeo yake wanakimbilia kwa fundi wa mtaani. Anataka elfu kumi, anazima kwanza kinga ya virusi, ndipo anaweka programu iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli ili isilipiwe. Yanayofuata nayajua, maana flash zao huishia kwenye mashine zangu: folda zote zimegeuka njia za mkato, kazi ya miezi mitatu haifunguki. Nimeshashuhudia kijana wa kiume akilia dukani kwangu kwa sababu hiyo. Siwezi kuwalaumu wao. Chuo kinachowafundisha maadili ya kazi kinapokea mafaili hayo kila siku wala hakiulizi yametengenezwa kwa programu ya namna gani.

Siku ile nilimwekea binti LibreOffice, programu inayofanya kazi kama za Office, kutoka kwenye flash yangu. Ni ya bure na ni halali, haihitaji hata bando. Akamalizia sura yake. Tulipoifungua kwenye mashine yangu yenye Word, jedwali moja lilikuwa limehama na orodha ya yaliyomo ilitaka kurekebishwa. Tukarekebisha, tukahifadhi na nakala ya PDF, faili ambalo mpangilio wake hauhami. Saa kumi kasoro dakika ishirini alitoka mbio na nakala yake mkononi, hata chenji akaisahau.

Najua wakufunzi wanapenda Word ili waandike maoni pembeni, na kwa rasimu wana haki. Lakini ripoti ya mwisho, inayochapwa na kufungwa jalada, PDF ina kasoro gani? Na kama lazima iwe Word, kampuni yenyewe, Microsoft, inatoa Word, Excel na PowerPoint za kwenye intaneti bila malipo kwa wanafunzi, mradi chuo kijisajili na kiwape baruapepe za chuo. Mzazi wa Kondoa hawezi kukisajili chuo. Hiyo ni kazi ya ofisi ya TEHAMA, na ikifanywa mara moja inawafaa wote.

Isitoshe, programu za bure si ngeni kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri OpenOffice, programu nyingine ya bure ya aina hiyo, kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. LibreOffice imetokana na OpenOffice hiyo hiyo.

Nawaomba wakuu wa vyuo, kabla fomu za mwaka ujao hazijachapwa, waongeze mstari mmoja tu: ama programu itatolewa na chuo, ama kazi iliyoandikwa kwa programu ya bure itapokelewa.

Wiki iliyopita yule binti alirudi na wenzake watatu, kila mmoja na laptopu yake begani. Wanataka niwawekee ile ya bure. Wameniuliza kama mkufunzi ataikubali, nami sikuwa na jibu la kuwapa.

Msomaji wako,
Mwenye steshenari, Makole, Dodoma