Bunduki huhesabiwa bandarini, hupotelea ghalani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Magazeti yetu huandika habari za msaada wa kijeshi kwa namna moja: nchi tajiri imetoa dola milioni kadhaa kwa jeshi la nchi fulani, balozi amepeana mkono na waziri, nyuma yao yamepangwa magari mapya. Habari inaishia hapo. Kwa anayeijua kazi ya ukaguzi wa mali, hapo ndipo inapoanza, na ninawaomba waandishi wenu waifuate mpaka mwisho.

Jambo hili linatugusa. Tangu 2013 askari wa jeshi letu la Tanzania, JWTZ, wamehudumu mashariki mwa Kongo katika brigedi ya Umoja wa Mataifa, bega kwa bega na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi. Kundi la Wataalamu la Umoja wa Mataifa limeripoti zaidi ya mara moja kwamba maghala ya jeshi la serikali ya Kongo ni chanzo kimojawapo cha silaha na risasi za waasi. Bunduki aliyopewa jirani kwa nia njema inaweza kuishia kuelekezwa kwa kijana wa Mbagala au Tandika aliyevaa kofia ya buluu.

Mifano mingi nitaitoa Marekani, kwa kuwa ndiyo mtoaji mkubwa na wakaguzi wake huchapisha hadharani makosa ya serikali yao. Sheria yao kuu ya mauzo ya silaha ni ya 1976. Anayepokea huahidi mambo matatu: kuitumia silaha kwa kazi iliyokubaliwa tu, kutompa mwingine bila idhini, na kuitunza kwa ulinzi ule ule ambao Marekani ingeipa. Tangu 1996 sheria inaitaka serikali ifuatilie kama ahadi hizo zinatimizwa. Silaha zinazotoka serikali kwa serikali hufuatiliwa na Wizara ya Ulinzi kwa mpango uitwao Golden Sentry. Zile zinazouzwa moja kwa moja na kampuni binafsi hufuatiliwa na Wizara ya Mambo ya Nje kwa mpango wa Blue Lantern.

Bunge lao nalo lina nafasi yake, ila nafasi hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mauzo ya silaha kubwa kuanzia dola milioni 14 kwa nchi iliyo nje ya NATO na washirika wake wachache wa karibu hupelekwa bungeni siku 30 kabla. Kuyazuia, Bunge lazima lipitishe azimio ambalo Rais anaweza kulipigia kura ya turufu. Mei 2019 serikali ya Trump ilitangaza dharura na kuruka hizo siku 30 kwa mauzo ya takriban dola bilioni 8 kwa Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Jordan. Bunge likapitisha maazimio ya kupinga, Rais akayakataa Julai, na kura za kumshinda hazikutosha. Kwa hiyo mwandishi anaposema "Bunge limearifiwa", asiandike kana kwamba Bunge limekubali.

Sasa nije kwenye ghala, maana upotevu mkubwa hutokea huko.

Mwaka 2007 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilikagua silaha walizopewa askari wa Iraq kati ya Juni 2004 na Septemba 2005. Kamanda aliyesimamia mafunzo aliripoti kugawa bunduki za AK-47 zipatazo 185,000, bastola 170,000, fulana za kuzuia risasi 215,000 na helmeti 140,000. Vitabu vya mali vilionyesha AK-47 75,000, bastola 90,000, fulana 80,000 na helmeti 25,000. Tofauti ni bunduki 110,000 na bastola 80,000. Magazeti mengi yakaandika kwamba silaha zimeibwa. Mkaguzi hakusema hivyo, na hakuweza kusema hivyo. Alichokuta ni kwamba hapakuwa na kitabu kikuu cha mali mpaka Desemba 2005, na kwamba hati za kuthibitisha tarehe ya kupokea, idadi na namba za silaha hazikukusanywa kwa utaratibu. Nyingine huenda ziliibwa, nyingine huenda zilikuwa mikononi mwa askari halali. Mali bila daftari hupotea bila habari, na huo ndio uzito wa hoja ya ukaguzi: hata mwizi huwezi kumshtaki, kwa sababu huna karatasi ya kuonyesha kwamba kitu kilikuwepo.

Afghanistan ilirudia kosa lile lile. Ripoti ya GAO ya Januari 2009 ilihusu silaha 242,000 ambazo Marekani ilizinunua na kuzipeleka kati ya Desemba 2004 na Juni 2008. Silaha 87,000 hazikuwa na kumbukumbu kamili. Kati ya hizo, 46,000 namba zake hazikuandikwa kabisa. 41,000 namba ziliandikwa lakini hakuna aliyejua zilikokwenda. Zaidi ya hapo kulikuwa na silaha 135,000 zilizotolewa na nchi nyingine ambazo kumbukumbu zake hazikuaminika. Sababu zilizotajwa ni za kawaida kabisa kwa anayejua stoo: watumishi wachache, maelekezo yasiyo wazi kuhusu nani ahesabu nini, na watunza ghala wa Kiafghani ambao wengi hawakujua kusoma.

Baadaye zikaletwa kompyuta, na watu wakadhani tatizo limeisha. Julai 2014 mkaguzi maalumu wa misaada ya Afghanistan, SIGAR, alikuta mfumo mmoja wenye rekodi za silaha 474,823; rekodi 203,888 kati yake zilikosa taarifa au zilijirudia. Mfumo wa usafirishaji na mfumo wa ugawaji haukuunganishwa, namba zikawa zinachapwa upya kwa mkono. Tena jeshi lile lilikuwa limebaki na AK-47 zaidi ya 83,000 kuliko mahitaji yake, kwa sababu lilipewa bunduki za aina ya NATO bila utaratibu wa kurudisha zile za zamani. Hili la mwisho halitajwi vya kutosha. Kila silaha mpya inayotolewa huacha ya zamani bila mwenyewe, na ya zamani ndiyo huuzwa kwanza.

Naomba nieleze rejesta ya silaha inavyopaswa kuwa, maana waandishi wenu wakijua wataweza kuuliza. Kila silaha iwe na mstari wake: aina, namba yake, alama ya kiwanda na mwaka, tarehe ya kupokelewa, hati ya makabidhiano yenye saini ya anayetoa na anayepokea, kikosi, askari aliyekabidhiwa, na mahali ilipo leo. Alama ya kiwanda ni ya lazima kwa AK-47 kwa sababu zilitengenezwa nchi nyingi, na bunduki mbili za viwanda viwili zinaweza kuwa na namba moja. Makosa hujirudia kila mahali: karani ananakili namba iliyo kwenye kasha badala ya iliyochongwa kwenye chuma, anachanganya sifuri na herufi O, anaruka herufi za Kirusi au Kiarabu zilizotangulia tarakimu. Siku ya ukaguzi nayo ina hila zake. Ukihesabu kikosi kimoja Jumatatu na cha jirani Alhamisi, bunduki zilezile zitahesabiwa mara mbili, kwa kuwa vikosi huazimana. Hesabu ifanyike vituo vyote siku moja, saa moja, na mkaguzi achague mwenyewe masanduku ya kufunguliwa.

Risasi ni ngumu zaidi. Haziandikwi namba moja moja. Kinachofuatiliwa ni namba ya toleo kwenye sanduku na alama za kiwanda na mwaka kwenye kitako cha ganda. Sanduku likishafunguliwa na risasi kumiminwa kwenye mifuko, kumbukumbu imekatika. Anayetaka usimamizi wa kweli hutoa risasi kwa hati, hupokea maganda baada ya mazoezi, na hulinganisha.

Mafuta, chakula na mishahara havina namba kabisa, na huko ndiko fedha nyingi huvuja. Sisi Watanzania tunawajua wafanyakazi hewa. Majeshi yana askari hewa. Mwaka 2014 Waziri Mkuu wa Iraq, Haider al-Abadi, alitangaza kwamba askari hewa 50,000 wamegunduliwa kwenye orodha ya malipo. Somalia, Desemba 2017, Marekani ilisitisha chakula na mafuta kwa vikosi vingi vya jeshi la taifa kwa sababu havikuweza kuonyesha misaada hiyo ilivyotumika.

Somalia inatufundisha jambo jingine pia. Machi 2013 Baraza la Usalama, kwa azimio 2093, lililegeza marufuku ya silaha ili serikali ijenge jeshi lake. Ndani ya mwaka mmoja wafuatiliaji wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba silaha zinachepushwa, nyingine kuelekea al-Shabaab. Jibu la Baraza, azimio 2142 la Machi 2014, halikurudisha marufuku yote. Liliweka masharti ya makaratasi: taarifa kabla ya shehena kufika, uthibitisho wenye namba za silaha usiozidi siku 30 baada ya kupokelewa, kisha taarifa ya kikosi kilichopewa. Masharti haya yaligusa ile safari kutoka ghala kuu hadi kikosini, ambayo Iraq na Afghanistan hakuna aliyeisimamia. Marufuku kwa serikali ya Somalia iliondolewa Desemba 2023, miaka karibu kumi baadaye. Mimi naona njia hiyo ilikuwa sahihi, ingawa ilikwenda polepole.

Wapo watakaosema vita haisubiri makaratasi. Ukraine inawapa hoja, na inawajibu pia. Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani aliripoti Januari 2024 kwamba vifaa nyeti vya takriban dola bilioni 1.7, kama makombora ya Javelin na Stinger na vifaa vya kuonea usiku, vilipaswa kuhesabiwa kimoja kimoja. Vya zaidi ya dola bilioni moja havikuwa vimehesabiwa kwa wakati. Watumishi walikuwa wachache na hawakuruhusiwa kwenda mstari wa mbele. Hata hivyo, kuanzia Desemba 2022 waliwaruhusu Waukraine wenyewe kusoma namba kwa mashine za mkononi na kutuma taarifa. Vitani unaweza kubadili anayehesabu, lakini lazima mtu ahesabu.

Kuna upande wa watu pia. Sheria ya Leahy, yenye jina la Seneta Patrick Leahy wa Vermont, tangu 1997 inakataza msaada kwa kikosi ambacho kuna taarifa za kuaminika kwamba kimetesa, kimeua nje ya sheria, kimewateka watu wasionekane tena au kimebaka. Ubalozi huchukua jina la kikosi na la kamanda, huyachuja, kisha Washington huchuja tena. Kikosi kinaweza kurejeshewa msaada serikali yake ikiwafikisha wahusika mbele ya sheria. Ni sheria nzuri, lakini ina mashimo mawili. Kwanza, inafanya kazi pale tu kikosi kinapojulikana. Mafunzo yana orodha ya majina. Shehena ya magari inayokabidhiwa jeshi zima haina. Pili, uchujaji huangalia nyuma tu. Kapteni Amadou Sanogo aliyepindua serikali ya Mali 2012 alikuwa amepata mafunzo Marekani, na Jenerali Moussa Barmou, mmoja wa viongozi wa mapinduzi ya Niger ya Julai 2023, vilevile. Sheria nyingine inaagiza msaada ukatwe baada ya mapinduzi, lakini kwa Niger Washington ilikaa mpaka Oktoba ndipo ikayaita mapinduzi.

Ninaloliomba gazeti lako ni hili. Habari ya msaada wa kijeshi ikija, iwe unakwenda Maputo, Mogadishu, Kinshasa au unakuja hapa kwetu, mwandishi aulize: namba za silaha zimeandikwa na nani na nakala iko wapi, vikosi gani vitapokea, silaha za zamani zinarudi wapi, fedha kiasi gani zimetengwa kwa kuhesabu, na kwa miaka mingapi, na ripoti ya ukaguzi itasomwa na nani. Akiambiwa ni siri ya ulinzi, asikate tamaa. Idadi ya silaha na mahali zilipo vinaweza kuwa siri halali. Kama zimehesabiwa au hazikuhesabiwa, na lini mara ya mwisho, si siri, na kumjibu mwananchi hakumpi adui chochote.

Umoja wa Mataifa wenyewe hulipa nchi zinazochangia askari kwa vifaa vilivyokaguliwa na kukutwa vinafanya kazi. Gari likiwa bovu, malipo yake hukatwa. Fedha zinapofuata ukaguzi, rejesta hujazwa. Kamati yetu ya Bunge inayoshughulikia ulinzi na usalama ingeweza kutaka utaratibu wa namna hiyo kwa kila msaada wa kijeshi tunaopokea au kutoa, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, akathibitisha kwa faragha pale inapobidi, na Bunge likaambiwa hadharani jambo moja tu kila mwaka: hati ni safi, au ni yenye mashaka. Bajeti ya Wizara ya Ulinzi itakaposomwa Dodoma, tafadhali mtumeni mwandishi akamuulize mwenyekiti wa kamati hiyo kama yuko tayari kulibeba pendekezo hili.

Msomaji wako,
Mkaguzi wa hesabu mstaafu,
Upanga, Dar es Salaam