Barua ya malalamiko: ankara isiyotenganisha vifaa na ufundi

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: ANKARA ISIYOFAA KUDAI PUNGUZO LA KODI LA MWAKA 2025

Mlibadilisha madirisha sita na mlango mmoja wa nje, mkafunga na pampu ya joto, mashine ya kupasha na kupoza nyumba. Kazi yenyewe haina kasoro. Ninacholalamikia ni karatasi. Ankara mliyotuma ina mstari mmoja tu: “Maboresho ya nishati, vifaa na ufundi, dola 15,800.” Kwa hiyo Fomu 5695, ile ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) ya kudai punguzo la kodi kwa maboresho ya nishati nyumbani, haiwezi kujazwa.

Tenganisheni bei. Kwa madirisha na milango inahesabiwa bei ya kifaa peke yake, hela ya fundi haimo. Kwa pampu ya joto ufundi unahesabiwa. Nikikisia mgawanyo mwenyewe, IRS ikiuliza sina cha kuonyesha. Afisa mauzo wenu aliandika kwenye makadirio ya bei kwamba “asilimia 30 ya gharama yote itarudi.” Hairudi. Kila kundi lina kikomo chake: madirisha yote dola 600, mlango dola 250, pampu dola 2,000. Tena punguzo hili hushusha kodi unayodaiwa tu. Likizidi kodi hiyo, baki halilipwi wala halihamishiwi mwaka unaofuata.

Kinachokera zaidi ni msimbo wa mtengenezaji. Kwa vifaa hivi vilivyofungwa 2025, fomu inataka msimbo wenye jumla ya alama nne, herufi na tarakimu zikichanganywa, ambao IRS humpa mtengenezaji aliyejisajili. Bila huo hakuna punguzo, hata dirisha liwe bora namna gani. Mafundi walibandua lebo wakaondoka nazo, kwenye vioo imebaki gundi. Namba ya mashine iliyogongwa ubavuni mwa pampu, ambayo ofisi yenu ilisema kwa simu kuwa inatosha, ni kitu kingine kabisa.

Andikeni pia tarehe ufungaji ulipokamilika. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imeondoa punguzo hili kwa kazi iliyokamilika baada ya 31 Desemba 2025, hata kama malipo yalitangulia. Ankara yenu ni ya 9 Januari 2026, ilhali pampu iliwashwa na kukaguliwa Desemba. Anayeisoma ataamini Januari.

Na ile ruzuku ya shirika la umeme mliyoikata kimyakimya ionekane: bei kamili, ruzuku, kilicholipwa. Inapunguza gharama ninayoruhusiwa kudai.

Naomba ankara mpya kabla ya mwisho wa Februari, pamoja na hati ya mtengenezaji inayothibitisha kwamba madirisha yamo katika Energy Star Most Efficient, daraja la juu la nembo ya Marekani ya vifaa visivyopoteza nishati. Hati haiambatishwi kwenye ritani ya kodi, ila lazima niwe nayo. Mwisho wa kuwasilisha ni 15 Aprili 2026. Kama msimbo haupo kwa sababu mtengenezaji hakujisajili, semeni hivyo kwa maandishi, nami nitawadai ninyi kiasi ambacho makadirio yenu yaliahidi.

Wenu,
Mteja